Siku Moja ya Mfasiri wa Kujitegemea, Kutoka Kimara Hadi Posta

Saa kumi na moja alfajiri

Alhamisi iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, kama ninavyoamka siku zote za kazi, kwa sababu saa mbili za kwanza za siku ndizo zinazonipata nikiwa na akili yangu yote. Nyumba yetu ya Kimara huwa kimya wakati huo: mtoto amelala, mume wangu hajarudi kutoka zamu ya usiku, na simu nimeizima data. Mimi ni mfasiri. Ninafasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, sina mwajiri, na huu ni mwaka wa tisa tangu niache kufundisha sekondari. Majirani zangu wengi wanajua kwamba nina kompyuta na kwamba asubuhi sitoki, na kwa mambo hayo mawili wameamua kwamba sina kazi. Ninaiandika siku hii kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya vijana wanaonipigia simu wakiuliza waanzie wapi.

Mezani palikuwa na fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa, kurasa 22, ya kukabidhi usiku huohuo. Fomu ya ridhaa ni karatasi anayosomewa mtu kabla hajakubali kushiriki katika majaribio ya tiba: anaelezwa atapewa nini, atatolewa damu kiasi gani, anaweza kupata madhara gani, na kwamba ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Kamati za maadili ya utafiti hudai karatasi hiyo iwe katika lugha anayoielewa mshiriki, na mara nyingi hudai pia mtu mwingine airudishe tafsiri katika Kiingereza ili maana zilinganishwe. Ninapoifanya kazi hii huwa ninamwona mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati, mtoto mgonjwa mapajani, akiamua jambo zito kwa maneno niliyoyachagua mimi.

Asubuhi hiyo nilikwama kwenye neno moja kwa dakika 40. Katika majaribio mengi, kundi moja hupewa dawa na kundi jingine hupewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na umbo, lakini ambacho hakitibu chochote. Istilahi yake ipo, ni kipozauongo, neno lililoundwa kwa ufundi, na katika makala ya kitaalamu ninalitumia bila wasiwasi. Lakini katika karatasi inayomwomba mtu atuamini, sikio lake litabaki kwenye “uongo”. Nilijaribu “dawa bandia” nikaifuta, maana mitaani dawa bandia ni ile ya kughushi inayodhuru watu. Mwishowe niliandika maneno tisa mahali pa moja: kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Mteja hulipa kwa hesabu ya maneno ya Kiingereza, kwa hiyo yale manane yaliyozidi hayakuniongezea hata senti, na zile dakika 40 hazimo katika ankara yoyote. Hata hivyo, hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Yanayobaki ni kuchapa.

Saa moja na nusu

Uji, sare za shule, daftari lililopotea chini ya kitanda, mtoto akaenda.

Saa mbili asubuhi

Jirani wa nyumba ya pili alibisha hodi kuniomba nimpokelee mtungi wa gesi, “kwa vile wewe upo tu nyumbani, dada.” Nilimweleza kwa upole kwamba niko kazini hadi saa kumi na moja jioni na kwamba siku hiyo nilikuwa na safari ya mjini. Zamani nilikuwa nikikubali kila ombi la namna hiyo, na kwa mwezi mmoja niliwahi kupoteza siku tatu nzima nikingoja mafundi na mizigo ya watu. Anayefanyia kazi nyumbani hana budi kuilinda saa yake mwenyewe, tena bila kugombana na mtu, kwa sababu majirani haohao ndio watakaompokelea mtoto mvua ikinyesha.

Saa tatu na nusu, na kuendelea

Safari ya mjini ilikuwa ya kudai fedha. Nilipanda basi la mwendokasi nikashuka Posta ya Zamani, nikiwa na faili la plastiki mkononi. Ndani yake kulikuwa na LPO, yaani hati ya mteja ya kuagiza kazi, ankara, nakala ya cheti changu cha TIN, namba ya mlipakodi, na barua pepe ambayo mteja alithibitisha kwamba ameipokea kazi na ameridhika nayo. Kazi ilikuwa ya maneno 21,000, kwa shilingi 80 kila neno, yaani shilingi 1,680,000. Wakikata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ya asilimia 5, ambayo ni shilingi 84,000, zingebaki 1,596,000. Mkataba ulisema malipo ndani ya siku 30. Siku hiyo ilikuwa ni wiki ya 11.

Kosa langu la kwanza katika kazi hiyo nililifanya kabla sijaandika neno hata moja. Sikudai malipo ya awali. Wateja wadogo, wale wanaoniletea vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vinavyohitaji pia ithibati ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wote hutoa nusu kwanza, na hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini hawa walikuwa na jengo zuri, viyoyozi, na mapokezi yenye maua, nami nikaona kwamba kudai nusu mbele ya watu kama hao kungenionyesha kama mtu mwenye njaa. Sitarudia. Mwenye jengo zuri ana wadai wengi zaidi anaowasubirisha kuliko mama anayetafuta cheti cha mwanawe, na kwenye foleni ya wadai hao asiye na mwajiri ndiye anayewekwa mwisho, kwa sababu wanajua hana mwanasheria.

Nilifika mapokezi saa nne na robo. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri akaniambia mhasibu yuko kwenye kikao. Saa tano mhasibu alitoka, akanisalimu, akasema atanishughulikia muda si mrefu, akaingia mlango mwingine. Saa sita kasoro alirudi na kuniambia ankara yangu haikuwa na namba ya LPO. Nilifungua faili nikamwonyesha namba hiyo kwenye mstari wa tatu. Aliitazama kwa muda, akasema basi tatizo litakuwa ni saini, kwamba hundi na malipo yote ya benki huhitaji saini mbili na mwenye saini ya pili yuko safarini Dodoma hadi Jumatatu. Nilimuuliza kama mwenye saini ya pili amekuwa safarini kwa wiki zote zilizopita tangu siku ya malipo ipite. Hakujibu, na kwa kweli sikuwa na haki ya kumkasirikia yeye, maana alikuwa kijana mdogo aliyetumwa kuzungumza na wadai huku waliomtuma wakibaki ndani.

Nilikaa. Watu wengi hawajui kwamba kukaa ni sehemu ya kazi ya kujitegemea, na kwamba kukaa vibaya kunachosha kuliko kuandika. Ukiondoka, umesahaulika hadi mwezi ujao. Ukipandisha sauti, umewapa sababu ya kukuita mkorofi na kutokukulipa huku heshima yao ikibaki. Kwa hiyo nilikaa, nimenyoosha mgongo, faili mapajani, nikijua kwamba nyumbani kurasa nane za fomu ya ridhaa zilikuwa bado hazijaguswa. Nilijua pia kwamba ada ya muhula ya mwanangu niliilipa kwa mkopo wa kikoba, na riba yake inahesabiwa kila mwezi ofisi ile inapochelewa. Wenzangu wa kikoba ni wauza mboga, mafundi cherehani na mama lishe, nao hawana saini ya pili. Siku ya marejesho ikifika, fedha hutoka.

Yule dada wa mapokezi ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Aliponiletea maji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba malipo yote ya nje hupangwa Jumanne na kutumwa Ijumaa, na kwamba ankara isiyoingia kwenye orodha ya Jumanne husubiri wiki nzima, hata kama saini zote zipo. Katika wiki 11 hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo. Niliandika kwenye daftari langu, na tangu sasa nitamuuliza kila mteja mpya mambo matatu kabla ya kuanza: nani anaidhinisha, nani anasaini, na siku gani ya wiki mnalipa. Maswali hayo yanaulizwa kwa adabu siku ya makubaliano, wakati wanakuhitaji, wala si siku ya kudai.

Saa saba na nusu mkurugenzi alitoka mwenyewe. Alinishika mkono kwa furaha, akasifu tafsiri ile, akasema walioisoma mikoani wameielewa bila maswali, kisha akasema kuna waraka mwingine wa kurasa 40 ambao wangependa niufanye kwa haraka, kufikia wiki ijayo. Nilihisi moyo ukinienda mbio. Kurasa 40 ni fedha nyingi kwangu, na mimi si mtu anayeweza kukataa kazi kwa urahisi. Nilimjibu hivi, na ninayaandika maneno yangu jinsi nilivyoyasema: “Nashukuru sana, mzee. Nitaupokea kwa furaha siku ankara ya kwanza itakapolipwa, pamoja na nusu ya malipo ya huu wa pili.” Alinitazama, akamtazama mhasibu, akauliza, “Huyu hajalipwa?” Sijui kama kweli alikuwa hajui. Alimwagiza mhasibu aniingize kwenye orodha ya Jumanne, na mhasibu akaandika jina langu mbele yangu. Niliomba pia cheti cha kodi ya zuio kiandaliwe siku hiyohiyo ya malipo, maana bila cheti hicho nitashindwa kuonyesha kwamba zile 84,000 zilikwisha kukatwa.

Nilitoka bila shilingi, lakini jina langu likiwa kwenye orodha.

Mchana

Nilikula wali maharage pale Kivukoni, nikarudi Kimara nimesimama ndani ya basi njia nzima. Umeme ulikuwa umekatika. Betri ya kompyuta ilikuwa na saa mbili, nikafanya kurasa tano bila kunyanyua kichwa.

Katikati ya kurasa hizo kijana mmoja alinipigia simu kutoka Mwanza. Alikuwa amesikia kwamba UNESCO mwaka 2021 iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwamba SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na kwamba sasa ndio wakati wa wafasiri kupata fedha. Nilimwambia kwamba hayo ni kweli na yananipa fahari, kisha nikamuuliza anatoza bei gani. Akasema mteja wake wa kwanza amemwambia “ni kurasa chache tu, utaangalia mwenyewe.” Nilimsihi asikubali kazi ambayo hajaifungua na kuhesabu maneno yake, kwa sababu ukurasa mmoja unaweza kuwa na maneno 150 au 700. Nilimwambia aandike makubaliano hata kwa ujumbe wa simu, na awe na laini ya simu ya kupokelea fedha za kazi peke yake, ili mwisho wa mwezi aone kazi imemlipa nini. Aliniuliza, “Shikamoo yangu haitoshi, dada, mpaka tuandikiane?” Nilimwambia wanaoheshimiana ndio wanaoandikiana, ili heshima yao isivunjwe na fedha.

Baadaye sana

Sikumbuki vizuri umeme ulirudi saa ngapi. Giza lilikuwa limeingia, mtoto amekwisha kula, nami nimebakiwa na aya chache ambazo sikuziamini. Kazi kama hii siikabidhi kabla ya kumsomea mtu asiyejua Kiingereza, nikiwa nimeondoa jina la dawa na la mteja. Nilichukua karatasi nikaenda kwa mama anayeuza vitumbua karibu na kituo, nikamkuta anaosha vikaango.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umechoka.”

Nilimwomba anisikilize nikamsomea aya ya vidonge. Kwenye kidonge kisicho na dawa ndani yake hakusita hata kidogo; alisema, “Basi naweza kupewa kisicho na dawa, na anayenipa naye asijue.” Hilo ndilo hasa lililoandikwa. Lakini nilipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba washiriki watagawanywa katika makundi “bila mpangilio”, alisimamisha mikono ndani ya maji. “Mbona wanafanya ovyo? Mimi mwanangu simpeleki.”

Nilimweleza kwamba hawafanyi ovyo, bali hawataki mtu yeyote achague nani apate nini, ili pasiwe na upendeleo. Nilikuwa nimeogopa kuandika “bahati nasibu”, watu wasije wakadhani kuna zawadi. Alifikiri kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga.

“Si kama tunavyookota vikaratasi kwenye mchezo wa upatu, kujua nani atapokea mwezi wa kwanza? Hata mweka hazina anaokota.”

Nilirudi nyumbani karibu na kukimbia. Nilifuta “bila mpangilio”, nikaandika kwamba kila mshiriki atapangiwa kundi kwa njia inayofanana na kuokota vikaratasi, ambapo hakuna anayechagua, hata daktari. Nikatuma faili saa tano kasorobo usiku, na ankara ya nusu iliyobaki ikiwa kwenye ujumbe huohuo.