Postikadi za Bremen, S.L.P. Iringa

Sinunui postikadi kabla ya kujua itakwenda kwa nani. Picha ikipendeza vipi, kama haina mtu wake naiacha dukani. Kwa hiyo tulipokubaliana na dada yangu anayeishi Hamburg kwamba twende Bremen asubuhi na kurudi jioni, nilianza na majina kwenye daftari: babu kule Kalenga, mama mkwe wangu Mafinga, wanafunzi wangu wa kidato cha pili, na mzee mmoja muuza vitabu pale Miyomboni. Dada akakata tiketi moja ya siku nzima ya watu wawili, kwenda na kurudi humo humo, na baada ya saa moja na kitu ndani ya treni tukawa tumefika.

Bremen ni mji wa wafanyabiashara wa baharini, uko kando ya mto Weser. Kwenye uwanja wa soko kuna ukumbi wa mji wa zamani, na mbele yake amesimama Roland, shujaa wa jiwe mwenye upanga na ngao. Yupo hapo tangu mwaka 1404. Yeye na ukumbi huo waliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004. Wenyeji wana msemo kwamba maadamu Roland amesimama, mji wao utabaki huru, na zamani alikuwa alama ya haki ya mji kuendesha soko lake wenyewe. Huyo nilijua mara moja ni wa mzee wa Miyomboni. Ukimsimulia habari ya mji wowote, swali lake la kwanza ni nani alikuwa anakusanya ushuru.

Lakini kadi zilizojaa kila mlango wa duka ni za wanyama wanne: punda, juu yake mbwa, juu ya mbwa paka, na jogoo kileleni. Wanatoka kwenye ile hadithi ya ndugu wa Grimm, ya wanyama waliozeeka wakakimbia mabwana zao ili wakawe wanamuziki Bremen. Ukiisoma hadithi yenyewe utaona hawakufika. Walipata nyumba njiani wakakaa. Mji umewapokea hata hivyo. Sanamu yao ya shaba, kazi ya Gerhard Marcks, imesimama pembeni ya ukumbi wa mji tangu 1953, na miguu ya mbele ya punda inang'aa kwa kushikwa. Unaishika kwa mikono miwili, unaomba jambo lako. Nami nilishika, nikaomba. Kadi hiyo ni ya kidato cha pili.

Mtaa wa Schnoor, wenye nyumba ndogo za karne nyingi zilizobanana, ulinipa kadi ya mama mkwe: mchoro wa wino wa kichochoro, maua dirishani.

Ya babu ndiyo iliyonipeleka Bremen.

Ukitoka kituo cha treni, kwenye uwanja huo huo, kuna Übersee-Museum, makumbusho ya mambo ya ng'ambo. Watalii hupita wakielekea sokoni. Mtu wa Iringa hawezi kupita. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe hai, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1919 ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles iliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Ikapita zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alifika katika makumbusho haya, akapitia mafuvu yaliyokuwamo, na kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa wa ukoo akachagua moja. Lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga, tarehe 19 Juni 1954. Twining alikuja Bremen mwaka 1953, mwaka ule ule wa sanamu ya punda. Nilipoziweka tarehe hizo mbili pamoja nilikaa kwenye benchi, nikamweleza dada, na kwa muda hatukuwa na hamu ya kwenda popote.

Nilinunua kadi yenye picha ya jengo hilo. Postikadi za mwanzo kabisa, zilizotolewa Austria-Hungaria Oktoba 1869, hazikuwa na picha, na babu angezielewa vizuri, maana yeye husoma maneno kwanza. Nikaandika: "Kamwene babu. Nimesimama mbele ya nyumba aliyokaa mzee wetu kabla hajarudi Kalenga. Nimemsalimia kwa ajili yako, ingawa hayupo tena hapa, na nimefurahi kwamba hayupo." Babu alikuwa mtoto siku ya makabidhiano. Anakumbuka umati, na jinsi alivyobebwa mabegani ili aone.

Upande wa pili wa kituo, kwenye bustani iliyopewa jina la Nelson Mandela, kuna tembo mkubwa wa matofali. Alizinduliwa mwaka 1932 kuyatukuza makoloni. Mwaka 1990, mwaka wa uhuru wa Namibia, wakamfanya mnara wa kupinga ukoloni. Nilimchora kwa kalamu nyuma ya kadi ya wanafunzi, chini ya maelezo ya punda, ili wajue kwamba mji unaweza kubadili maana ya sanamu yake bila kuibomoa. Kisha stempu, S.L.P. ya kila mmoja, neno TANZANIA kwa herufi kubwa, na zote zikaingia kwenye sanduku la njano la posta kabla ya treni ya jioni.

Sasa nataka za kwetu. Pale mjini Neema Crafts wanauza kadi za karatasi ya kutengenezwa kwa mkono, na ninazipenda. Ninachotaka kuongeza ni picha: nguzo za asili za Isimila, jiwe la Gangilonga, Boma la zamani, makumbusho ya Kalenga, na nyuma yake maelezo mafupi yaliyoandikwa na mtu wa hapa. Kama una picha uliyoipiga mwenyewe, hasa ya Isimila asubuhi kabla jua halijawa kali, niandikie. Nataka tuanze na kadi za sentimita 10.5 kwa 14.8, na ya kwanza kuchapwa iwe ya Kalenga.