Vibali vya Austria vilipotuishia Novemba

Nimekulia Mbeya, baba akiendesha lori hadi Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Foleni naijua, mizani naijua. Nilichokikuta Istanbul, nilipoajiriwa ofisi ya malori baada ya chuo, kilikuwa kigeni kwangu: mzigo uko tayari, dereva amefunga begi, na lori haliondoki kwa sababu vibali vimekwisha.

Uturuki na Austria hukubaliana idadi ya vibali vya mwaka mzima vya malori kuingia au kupita. Vikiisha, hata uwe na pesa kiasi gani, unasubiri Januari.

Mwaka wangu wa kwanza vilituishia mwezi wa 11, nami nina tela ya vipuri vya magari kutoka Bursa, mteja yuko Munich, Ujerumani, na njia yetu inapita Austria. Nikakimbilia vibali vya ECMT, vile vinavyotumika nchi nyingi, navyo pia vina mgawo. Kilibaki kimoja. Nikakisogeza kwenye taa nikaona muhuri: herufi A imekatwa mstari. Hakitumiki Austria. Nguvu ziliniisha.

Aliyenifumbua macho ni dereva mzee wa pale ofisini. "Mwanangu, kibali ni cha kichwa cha lori. Tela haiulizwi."

Tukaichomoa tela. Ikapanda meli peke yake bandari ya Pendik, Istanbul, ikashuka Trieste, Italia, ikapakiwa kwenye treni, ikaipita Austria juu ya reli. Munich ikapokewa na kichwa cha Kijerumani. Ilichelewa siku 2 na faida ikabaki kiduchu, ila kiwanda cha mteja hakikusimama.

Tangu hapo nina daftari. Kila Jumatatu nahesabu vibali kimoja kimoja kwa mkono, na mzigo usio na haraka naupandisha meli kuanzia Februari, siyo Novemba maji yakishafika shingoni. Mgawo huu unaniuma bado. Bidhaa za viwanda vya Uturuki zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru tangu 1996, lakini lori linalozibeba linahesabiwa safari zake. Madereva ndio wanaokaa bila posho lori likilala.

Desemba iliyopita droo ilibaki na vibali 3. Kimoja nilimpa yule mzee, akapeleka mashine Linz, Austria, akawa amerudi nyumbani kabla ya mwaka mpya.