Jumamosi ya mapindo: siku moja ya fundi cherehani, Iringa

Saa 11:00 alfajiri

Kihesa yote imefunikwa na ukungu. Naamka kabla ya jogoo wa jirani kwa sababu hesabu ya jana usiku bado iko kichwani: magauni kumi na moja ya watoto, mashati manne, sketi mbili za wanakwaya, na nguo tatu za kufungua mapindo. Leo ni Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili 2026. Jana, Ijumaa Kuu, sikugusa cherehani. Tulifuata Njia ya Msalaba mvua ikitunyeshea, tukarudi nyumbani tumelowa hadi mifupa. Kazi ya siku mbili imeniangukia leo.

Chai ya rangi na kiporo cha viazi. Natoka.

Saa 1:00 asubuhi

Daladala ya kwenda mjini imejaa kuku. Kila mtu anapeleka au anapelekewa. Sikukuu ya mwaka huu ni ndefu: kesho Pasaka, keshokutwa Jumatatu ya Pasaka, halafu Jumanne ni Siku ya Karume, kumbukumbu ya kuuawa kwake mwaka 1972. Ofisi nyingi hazifunguliwi hadi Jumatano, ndiyo maana mabasi ya kutoka Dar yanaupanda mlima wa Kitonga yakiwa yamejaa pomoni tangu juzi.

Nafagia kibaraza changu karibu na Soko Kuu, natia cherehani matone ya mafuta, nabadilisha sindano. Sindano butu ukiipeleka kwenye satini inavuta nyuzi, na satini ikishavutwa hairudi. Nashona kwanza kipande cha majaribio. Mashine ikianza kuimba sawasawa ndipo natandaza gauni la kwanza.

Saa 2:30

Mwanafunzi wangu amefika. Ananiuliza, “Dada fundi, kwa nini Krismasi ina tarehe yake na Pasaka haina?” Namweleza kama katekista wetu alivyotueleza zamani: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, ukihesabu kuanzia tarehe 21 Machi. Hesabu hiyo ilipangwa huko kaskazini ya dunia, ambako wakati huo baridi inaisha na miti inaanza kuchipua. Huku kwetu Pasaka hutukuta mvua bado zipo, barabara za vijijini ni matope, na mahindi ya kuchoma yako kila kona.

Kwa fundi jambo hili ni zito. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Mishahara ndiyo kwanza imetoka, wateja wakanijia wote wiki moja, nikashona hadi macho yakauma. Mwaka jana ilikuwa tarehe 20 Aprili. Tulipata nafasi ya kushona, lakini fedha za watu zilikuwa zimeshapungua. Na wengi wa wateja wangu hawana mshahara hata kidogo. Wanalima. Mahindi yao mwezi huu yako shambani, hayajakauka, na magunia ya mwaka jana yanafika chini. Mama anayekuja na kianzio cha shilingi 3,000 siku hizi ameitafuta hiyo fedha. Simwambii “lete nusu ndipo nikate.” Nakata. Kwa miaka yote niliyokaa hapa, walioacha kumalizia deni hawafiki kumi.

Saa 4:00

Umeme umekatika. Jirani yangu wa ovaloki amekaa mlangoni mwake ameshika tama. Mimi nakanyaga cherehani ya mguu, hainihusu sana, ila magauni manne yapo kwake hayajafungwa kingo. Nayachukua, nazungusha kingo kwa mkono. Pasi ya mkaa inakuwa ya watu wote: fundi wa suti ng'ambo, dada wa mapazia, mimi.

Saa 5:30

Bibi mmoja wa Kalenga amefika na mjukuu wake. “Kamwene,” ananisalimu. “Kamwene, bibi. Shikamoo.” Anafungua khanga, ndani kuna gauni la bluu ninalolijua kabla halijakunjuliwa. Nililishona Pasaka ya 2024.

Natoa daftari la vipimo. Ni kubwa, jalada limeshaliwa pembeni, na humo ndani kuna mitaa yote ya mji huu. Namtafuta: kifua inchi 23, urefu inchi 24. Alikuwa na miaka mitano. Sasa ana saba, amenyooka kama muhindi uliopata mvua, na gauni limemwacha magoti nje.

“Fundi, linafaa bado? Jipya mwaka huu hatukuweza.”

Nalipindua. Chini, ndani ya pindo, niliacha inchi nne. Kwa watoto huwa naziacha bila kuulizwa na bila kuongeza bei. Mama aliyenifundisha kazi alinikataza kabisa kumpunja mtoto pindo. Nachukua wembe, nafumua uzi mmoja mmoja. Vumbi la miaka miwili linamwagika kwenye kiganja changu, pamoja na uzi mmoja wa ndevu za muhindi ambao sijui uliingiaje. Na pindo linapofunguka, linatokea bluu ileile ya dukani, bluu ya siku ile. Juu yake gauni limepauka kwa jua na sabuni. Kati ya bluu mbili kuna mstari mmoja mweupe, pale nguo ilipokunjwa.

Mtoto anaugusa ule mstari kwa kidole. “Hii ndiyo rangi yake?” anauliza.

“Ndiyo rangi yake, mama.”

Naachia inchi tatu, nabakiza moja. Naachia kidogo mishono ya ubavuni. Juu ya mstari mweupe napitisha utepe wa lesi, halafu nakata kipande kingine cha lesi hiyohiyo nakiweka kwenye kola, ionekane imepangwa tangu mwanzo. Kazi ya dakika arobaini. Bibi anatoa shilingi 2,000 iliyofungwa kwenye ncha ya khanga na mahindi mabichi sita. Napokea vyote. Nisingepokea ningemvunjia heshima.

Saa 8:00 mchana

Ugali, maharage, chap chap. Kijana wa ulanzi, pombe ya mianzi, anapita na ndoo. Ndio msimu wake huu: wakati wa mvua mianzi michanga hukatwa ncha asubuhi na jioni, ikadondosha maji yake ndani ya mbeta, kopo la mwanzi. Mzee wa suti aliuacha Kwaresima nzima. Anamwambia kijana, “Kesho pitia nyumbani baada ya misa.”

Saa 9:00 hadi saa 12:00 jioni

Hapa sina cha kusimulia zaidi ya kukanyaga. Umeme ulirudi saa tisa na nusu. Watoto walijaribu nguo nyuma ya pazia, wakatoka wakizunguka ili rinda lifunguke. Kila mtoto huzunguka, hakuna aliyewafundisha. Gauni moja lilikataa: mteja wa Dar alimpima mwanaye kwa kamba, akanitumia namba kwa WhatsApp, mabega yakawa mapana. Nikafumua mikono, nikarudia. Gauni la mwisho limetoka saa kumi na mbili kasoro, likiwa bado na joto la pasi.

Saa 2:30 usiku

Mkesha. Mvua imekatika. Tumesimama nje tumeuzunguka moto, na padre anachora kwenye mshumaa wa Pasaka tarakimu za mwaka: 2, 0, 2, 6. Mwezi unachomoza nyuma ya mawingu, umeshamegeka kidogo. Ulikuwa mpevu Alhamisi. Tunaingia kanisani gizani, moto unapita kutoka mshumaa hadi mshumaa, na Mbiu ya Pasaka inaimbwa.

Mabegi, vikuku, viatu, sivioni. Macho yangu yanatafuta mishono. Namwona binti wa bluu mbele, kandokando ya bibi yake. Wamefikia kwa ndugu mjini ili wauwahi mkesha. Ameshika mshumaa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameinua kidogo upande wa gauni, anatazama lesi.

Saa 6:00 usiku

Nyumbani. Miguu imevimba. Kabla ya kulala nafungua daftari, nasahihisha kwa penseli: kifua 25, urefu 27, pindo limebaki inchi 1. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, mapema kuliko hii. Nimeiandika nyuma ya jalada. Bluu ya satini nitaanza kuitafuta Januari.