Beringi ilipotuungulia Otjiwarongo

Ilikuwa 2014, mi bado utingo, tunabeba shaba kutoka Copperbelt kule Zambia tunashusha bandarini Walvis Bay, Namibia. Tumevuka Katima Mulilo, Rundu, Grootfontein yote fresh, tunaitafuta Otjiwarongo usiku suka wangu akaniuliza, "Dogo, husikii harufu?" Kushuka kucheki, beringi ya trela imeungua mpaka habu imebadilika rangi. Spea itoke Windhoek, bosi simu hapokei, basi tukakaa pale siku tatu tunakula mikate na samaki wa kopo.

Siku ya pili nimechoka kulala chini ya trela nikajiendea zangu stesheni. Mbele pale kuna kichwa cha treni cha mvuke kimeegeshwa, namba 41. Sasa mimi nimekulia kota za reli Tabora, vichwa vya treni nimeviona tangu natambaa, ila hiki nilicheka peke yangu nikajua cha kubembeleza watoto. Reli yake nyembamba balaa, unasimama mguu huku na mguu huku wala hutanuki. Ila ukisogea ndo unaona boila lilivyojaa na yale magurudumu manane ya kusukuma yameunganishwa kwa vyuma vinene kuliko mkono wangu. Kampuni ya Henschel walikitengeneza Kassel, Ujerumani, 1912, kije kuvuta mawe ya shaba kutoka mgodi wa Tsumeb mpaka Swakopmund baharini. Nikasimama hapo hapo. Shaba! Yaani huyu mdogo ndo alikuwa anafanya kazi yetu, na kutoka Otavi mpaka pwani njia ni karibu ile ile tunayopita sisi na semi.

Kulikuwa na mzee analinda pale, Mherero, kabila la huko huko Namibia, tukaelewana kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi. Akaniambia reli yote ilikuwa kama kilomita 567 kwa upana wa mm 600 tu, walianza kuitandika 1903 ikafika Tsumeb 1906. Nikamwambia kwetu pia alijenga Mjerumani, ile ya kutoka Dar kupita Tabora, ila yetu ni mita nzima. Mzee akanyamaza kidogo halafu akasema hapo katikati ilipigwa vita, 1904, Waherero na Wajerumani, na watu wake waliokamatwa ndo walirudishwa kubeba mataruma, na wanawake wakiwemo. Aliongea huku anafagia majani chini ya magurudumu, hata hakuniangalia. Sikujua nimjibu nini nikamwachia sigara mbili.

Kazi ya 41 iliisha 1960, reli ilipopanuliwa ikawa mm 1,067, sawa na TAZARA. Vichwa vipya kidogo kuliko hicho, navyo vya Henschel, vikahamishiwa Afrika Kusini kule reli ya Avontuur, vikaenda kuvuta matofaa. Kutoka shaba mpaka matofaa, uzee huo mi ningeupokea.

Kabla sijaondoka nikachomoa kipande cha kamba ya turubai mfukoni nikapima kutoka reli hadi reli, nikapiga fundo. Suka nilipomwonyesha akaniambia, "Wewe una njaa."

Spea ikaja, tukatembea. Kufika Usakos akapunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa, maana nilishamwambia ndugu yake 41, namba 40, yuko mbele ya stesheni ya pale. Akachungulia weee, mwisho akasema, "Na hana hata pawa stering."

Mwaka huo huo likizo nikaenda nayo Tabora ile kamba, nikailaza juu ya reli karibu na nyumbani, ikaishia katikati, pakabaki kama shubiri mbili. Mama mmoja anapita na ndoo akauliza, "Mwanangu, umedondosha nini?" Nikasema hamna kitu mama. Kamba yenyewe nikaja kufungia dumu la asali la suka.