Kisima cha sadaka na mpira wa pampu

Kila Ramadhani, na kila kikundi cha WhatsApp cha waliosoma pamoja kinapoanza kuchangishana, swali hurudi: je, hela hizi zinamsaidia mhitaji kweli? Nitalijibu kwa kitu kimoja ninachokifahamu, kisima kirefu chenye pampu ya mkono, kwa sababu ndicho kinachochangiwa sana, misikitini na makanisani, na kwa ndugu zetu walioko Muscat, London na Minneapolis.

Kinasaidia, na sana. Lakini kinasaidia siku zile tu ambazo pampu inatoa maji. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, uitwao RWSN, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara ukakuta pampu 36 katika kila 100 hazifanyi kazi. Nyuma ya nyingi ya hizo kuna mtu aliyetoa kwa moyo safi, pengine kwa niaba ya mzazi wake marehemu. Waislamu huita kisima sadaka jariya, na jariya ni kile kinachoendelea kutiririka. Pampu iliyokauka tangu mwezi wa nane haitiririki, na mama aliyeacha kwenda kuteka maji bondeni karudi bondeni.

Tuingie ndani ya pampu yenyewe. Afridev, mojawapo ya zinazotumika zaidi huku kwetu, ilifanyiwa majaribio Kwale, pwani ya Kenya, miaka ya 1980. Wabunifu wake walitaka wanakijiji waweze kuitengeneza bila winchi. Bomba la plastiki linalopandisha maji lina upana wa milimita 63, na pistoni, kipande kinachopanda na kushuka kuinua maji, ni nyembamba kuliko bomba, kwa hiyo unaivuta juu pamoja na fito zinazoiunganisha na mpini bila kung'oa bomba. Spana moja inafungua karibu kila kitu, na kulabu maalumu inanasa valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani. Watu wawili au watatu waliofundishwa wanaimaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Vinavyoisha ni vichache: mpira wa pistoni wenye umbo la kikombe, vipira vya valvu mbili, ringi ya mpira inayoziba valvu ya chini, na beringi za plastiki kwenye mpini. Vyote hivi vinaenea kwenye mfuko mdogo wa rambo, na vinapaswa kubadilishwa takriban mara moja kwa mwaka hata kama pampu bado inavuta. Hapa ndipo visima vingi vinapofia. Mpira ukilika, maji yanapungua kidogo kidogo, watu wanasukuma kwa nguvu zaidi, beringi zinakwisha, mpini unaanza kuyumba, na fito inakatika. Kilichoanza kama mpira ambao mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kuufuata mjini kinaishia kuwa tengenezo ambalo kijiji hakiliwezi.

Ugonjwa huo unapimika bila kufungua chochote. Kwanza, sukuma mara 40 kwa dakika moja, mpini ukishuka na kupanda mwisho kabisa, maji yakiingia kwenye ndoo. Yasipofika lita 10, shuku mpira wa pistoni. Pili, acha pampu ipumzike nusu saa, kisha hesabu. Ukisukuma zaidi ya mara tano kabla maji hayajatoka, valvu ya chini inavuja au bomba limepasuka mahali. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuvifanya vipimo hivi viwili na kuviandika kwenye daftari kila mwisho wa mwezi.

Kuna kosa jingine linalofanyika mezani, kabla mashine ya kuchimba haijafika. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Piga hesabu: watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250. Maji yakiwa chini mita 30 hivi, Afridev hutoa kama lita 700 kwa saa. Hiyo ni karibu saa tisa za kusukuma bila kupumzika, na dumu la lita 20 linachukua dakika moja na sekunde arobaini na kitu. Sasa chukua kijiji cha watu 600 chenye kisima hicho kimoja. Mfadhili anaonyeshwa furaha ya siku ya uzinduzi. Haonyeshwi foleni ya alfajiri, wala mpira uliokwisha ndani ya miezi michache. Kwa kijiji kama hicho omba vituo viwili vyenye pampu, au pampu ya jua na tenki, lakini ujue kwamba pampu ya jua ikiharibika inahitaji fundi wa umeme na spea za mbali.

Uchimbaji wenyewe una ngazi zake, na anayekuambia "tunachimba wiki ijayo" bila kuzitaja mwekee shaka. Upimaji wa maji ya ardhini hutangulia. Kwa Tanzania, kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde husika, na RUWASA ya wilaya, wakala wa serikali wa maji vijijini, inapaswa kujua, kwa sababu ndiyo itakayoulizwa mambo yakiharibika. Chimba mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa. Kisima kilichochimbwa baada ya masika kinaweza kukauka mwezi wa kumi. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka chooni. Sehemu ya juu pembeni mwa bomba izibwe kwa saruji ili maji machafu yasipenye, kisha kisima kisafishwe hadi maji yawe meupe, na kipimwe uwezo kwa kuvuta maji saa kadhaa mfululizo huku kina kikisomwa. Hati ya matokeo hayo ni ya kijiji, si ya mkandarasi. Anayechanga aombe nakala.

Kipimo cha maabara hakirukwi. Maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, na madhara yake ni meno ya kahawia kwa watoto na mifupa inayopinda. Pwani, ukivuta maji kupita kiasi, chumvi ya bahari inaingia. Maji yenye asidi hula mabomba ya chuma, yanatoka mekundu yenye ladha ya kutu, na watu wanayakimbia wenyewe. Bangladesh ilichimbiwa visima vingi sana kuanzia miaka ya 1970 ili watu waepuke kuhara, na mwaka 1993 ndipo aseniki, ambayo ni sumu, ilipogunduliwa ndani yake. Nia njema haikubadilisha kilichokuwa ardhini.

Halafu hela za matengenezo. Kijiji chenye kaya 50, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kina shilingi 600,000 kwa mwaka. Zinatosha mipira, beringi na posho ya fundi, mradi zikusanywe wakati pampu ni nzima. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba hela zinakaa kwa mtu mmoja, kunatokea msiba, zinakopwa, na mwaka unaofuata hakuna anayetoa. Akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya watu watatu, na salio linalosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji, vinasaidia kuliko semina. Na wanawake wawe miongoni mwa hao watatu, maana wao ndio wanaojua pampu imebadilika sauti.

Lakini hata michango ikienda vizuri, kuna tengenezo kubwa ambalo kijiji kimoja hakiliwezi. Huko Kyuso, Kitui, nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kwenye mipini kifaa kinachotuma ujumbe wa simu kuonyesha pampu inavyotumika, na fundi akapangwa kuifuata ikinyamaza. Muda wa kukaa bila maji ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ilizaa FundiFix, kampuni inayohudumia pampu Kitui na Kwale kwa ada ya mwezi. Ada hiyo haitoshi gharama zote, na pengo linajazwa na mfuko maalumu unaochangiwa na wafadhili. Kwangu mimi, hapo ndipo sadaka inapofanya kazi nzito kuliko popote, ingawa hakuna jiwe la marumaru la kuandika jina.

Kwa hiyo mnapochanga, ulizeni kwanza kama eneo hilo lina kisima kilichokufa. Kukifufua mara nyingi ni nafuu kuliko kuchimba kipya, na shimo lake limeshathibitisha kama lina maji. Mkichimba kipya, bajeti iwe na spea za miaka mitatu zinazokaa kijijini, spana na kulabu, mafunzo ya mafundi wawili, na ziara ya ukaguzi baada ya mwaka. Mkandarasi asilipwe yote siku ya uzinduzi. Sehemu ya mwisho ibaki hadi kiangazi cha kwanza kipite. Namba ya simu ya fundi iandikwe kwenye zege penye mpini.

Mwezi wa kumi ukifika, pigeni simu kijijini, mwombeni mtu aache pampu nusu saa, kisha asukume na kuhesabu kwa sauti mpaka maji yatoke.