Karatasi namba nne

Julai ya Lubumbashi ina baridi kavu, ya kufundisha ukiwa na sweta na kitambaa shingoni. Mwaka ule wa 2022 LMD, mfumo mpya wa masomo ya chuo kikuu (licence, master, doctorat), ilikuwa ndiyo kwanza inatushika, na mkuu wa idara yetu ya sayansi za dini aliniita asubuhi moja akanipa fomu ya kurasa tatu.

Fomu haikuuliza pointi. Iliuliza kwa kila kozi: mwanafunzi akimaliza, ataweza kufanya nini alichokuwa hakiwezi? Ni wangapi kati ya mia wanaoweza? Umejuaje?

Mkuu alikuwa na jibu tayari. Chukua wastani wa deliberasioni, kikao cha jury cha kupitisha matokeo, andika, peleka. Mimi nilikuwa asistanti tu, ningekubali. Aliyekataa ni Papa CT (chef de travaux, cheo cha juu ya asistanti), mwenzangu wa kozi, Mmethodisti wa kutoka upande wa Kamina, mtu wa maneno machache. Alisema pointi 14 juu ya 20 ni chungu kilichopikiwa kila kitu: kuhudhuria, kazi za nyumbani, mtihani, na huruma ya jury siku ya mwisho. Ukimwuliza huyo wa 14 anaweza nini, chungu hakijibu.

Basi tukaamua kupima jambo moja tu. Katika kozi yetu ya dini za Afrika ya leo tulikuwa tumeandika lengo hili: mwanafunzi aweze kueleza imani ya mwingine bila kuihukumu. Tukachukua swali moja la mtihani na karatasi kumi na mbili, tukafunika majina, tukaweka namba. Swali lilikuwa hili: Simon Kimbangu, nabii ambaye wafuasi wake huitwa Wakimbangisti, alifia kifungoni hapa hapa Elisabethville (Lubumbashi ya leo), tarehe 12 Oktoba 1951. Eleza kifo hicho kwa macho ya utawala wa Kibelgiji, ya wamisionari Wakatoliki, na ya Wakimbangisti.

Nililipenda swali hilo. Wengi wa wanafunzi wetu wamezaliwa katika komuni za mji huu, Kenya, Katuba, Ruashi, wanadhani Kimbangu ni habari ya watu wa kabila la Kongo wa Bas-Congo ya zamani, ya kule mbali Nkamba. Hawajui kwamba mtu yule alihubiri miezi michache tu ya mwaka 1921, akahukumiwa kufa, mfalme Albert I akambadilishia ikawa kifungo cha maisha, na maisha yenyewe, miaka thelathini kamili, aliyamalizia katika mji wao huu.

Tulitengeneza gridi yenye mistari minne, kila mstari pointi 0 hadi 4. Tarehe na matukio. Mpangilio wa hoja. Vyanzo. Na wa nne: anaelewa dini ya mwingine. Tulikubaliana kila mmoja asahihishe peke yake, asimwonyeshe mwenzake.

Nilisahihisha nyumbani, usiku, umeme umekatika kama kawaida, mshumaa juu ya kisahani. Karatasi namba saba ilinichosha. Tarehe zote sawa, lakini kila aya ilisema "Papa Simon", na mwisho kulikuwa na sala. Nikampa 1 kwenye mstari wa nne. Nikawaza: kijana huyu anaungama, hachambui. Karatasi namba nne ilikuwa raha. Sentensi zimenyooka, mtu anaonekana amesoma. Nikampa 4.

Kesho yake tulikaa chini ya mwembe nyuma ya maktaba, jua lilikokuwa. Mistari mitatu ya kwanza tulikuwa karibu sawa, tofauti ya pointi moja hapa na pale. Tukafika wa nne. Namba saba: mimi 1, yeye 3. Namba nne: mimi 4, yeye 1.

"Papa CT, huyu wa nne umemwonea kosa gani?"

"Soma hapa, mama."

Nikasoma kwa sauti. Mwanafunzi alisema kifo kile "kiliwaacha bila mchungaji wafuasi waliokuwa wamepotoshwa na mafundisho ya kujitungia." Nikainua macho. Sikuona kosa.

"Hapo ni macho ya nani?"

"Ya wamisionari."

"Iko katika aya ya Wakimbangisti."

Nikaangalia tena. Kweli, ilikuwa katika aya ya Wakimbangisti.

"Huyu wa saba ameomba," akasema, "na huyu wa nne naye ameomba. Sala ya huyu wa nne wewe unaizoea, njo maana huisikie."

Nimebatizwa Katuba, nikaimba kwaya ya parokia mpaka nikaolewa. Sikuwa na la kujibu. Nilijisikia joto usoni, na baridi ile yote.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa nilikuwa nayo. Wilfred Cantwell Smith, Mkanada, aliandika mwaka 1959 kwamba maelezo juu ya dini ya watu hayasimami mpaka wenye dini hiyo wayakubali kuwa ni yao. Jambo hilo nililifundisha mwenyewe kila Februari, somo la pili. Tukaufuta mstari wa nne wa gridi na kuandika upya: mwenye aya hii, awe Mkimbangisti, mmisionari au Mbelgiji, akiisoma, je, atasema "ndivyo tunavyoamini"? Ndefu, haina sura ya kitaalamu, lakini tulipoitumia kusahihisha tena, tofauti zetu zilipungua kukawa hakuna karatasi iliyotuachanisha kwa zaidi ya pointi moja. Namba saba sasa ilipata 2: aliwaeleza Wakimbangisti vizuri, Wabelgiji akawaacha kama mashetani.

Kwa gridi ya kwanza, kwa pointi zangu, tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wamefikia lengo. Kwa ya pili, watano. Mkuu aliitazama namba hiyo kwa muda. Akauliza kama hatungeweza kuongeza karatasi nyingine zenye nguvu zaidi. Papa CT akasema hapana. Mkuu akatia sahihi, akaondoa ukurasa wetu wa maelezo, akaacha namba.

Usiku ule nilitafuta silabusi yangu, kijitabu cha maelezo ya kozi, ile tuliyokuwa tukiiuza kwa mwenye fotokopi pale getini. Nilitaka kuona tu nilichosema juu ya Kimbangu. Ukurasa wa 31, aya ya pili: "wafuasi waliokuwa wamepotoshwa na mafundisho ya kujitungia." Neno kwa neno. Mwanafunzi wa namba nne hakuwa amekosea hata koma.

Nakala mia moja na kumi zilikuwa zimeshauzwa.