Picha za Bwaloni na Ramani ya Mikoa

Mwaka 2011 nilikuwa mwanachuo wa stashahada ya ualimu katika chuo kimoja cha serikali mkoani Mtwara, na nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara. Kaulimbiu ya “Tumethubutu, Tumeweza, Tunazidi Kusonga Mbele” ilikuwa imekwisha kuonekana kwenye mabango na fulana, na kila taasisi ilitafuta namna ya kuonekana nadhifu kabla ya tarehe 9 Desemba. Chuoni kwetu tulisikia kwamba kulikuwa na fedha kidogo ya kupaka upya majengo, na tulijua fika rangi zitakazokuja: krimu kuanzia darini, kisha kahawia kuanzia usawa wa bega kushuka chini, ili alama za mikono na migongo zisionekane. Majengo ya serikali yalikuwa yamepakwa hivyo tangu tukiwa shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Sisi tuliosoma somo la sanaa za ufundi tulikuwa wachache, na pengine uchache huo ndio uliotupa ujasiri. Tuliona kwamba rangi ikishanunuliwa na kupakwa, ukuta utafungwa kwa miaka mingine mingi, kwa hiyo kama kuna jambo la kuomba, liombwe sasa. Ukuta wa bwalo uliokabili meza zetu ulikuwa mrefu, hauna dirisha, na kitu pekee kilichokuwepo juu yake kilikuwa ratiba ya chakula, ambayo nayo haikuwa na habari mpya. Ukuta wa baraza la maktaba ulikuwa vivyo hivyo. Tukaamua kuandika barua kwa Mkuu wa Chuo, kupitia serikali ya wanachuo na mlezi wa wanachuo kama utaratibu ulivyotaka, tukieleza kwamba hatuombi fedha mpya. Tunaomba sehemu ndogo ya rangi iliyokwisha kutengwa, pamoja na ruhusa ya kuchora picha kwenye kuta kadhaa.

Mkufunzi wetu wa sanaa alitusaidia kuipa barua hiyo uzito. Alitukumbusha kwamba kuchora ukutani si jambo geni Afrika Mashariki, kwani Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa ndani ya kanisa la Murang’a nchini Kenya, akaiweka habari ya maisha ya Yesu katika milima na mashamba ya Wakikuyu. Hata hivyo mfano uliotuchangamsha zaidi ulikuwa wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alizaliwa wilaya ya Tunduru, huku huku kusini, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi na kuanza kuuza picha zake mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kufariki mwaka 1972. Wenzetu wawili walitoka Tunduru, nao walilisema jambo hilo kila kikao, kwa sauti ya mtu anayedai deni: watalii wananunua picha hizo Oysterbay, na kusini kwenyewe hakuna hata ukuta mmoja.

Tuliitwa kwenye kikao cha menejimenti. Nakumbuka tulivaa sare kamili na kubeba michoro yetu ndani ya bahasha ya kaki, tukadhani tutaulizwa kuhusu uzuri wake. Mhasibu aliuliza kuhusu brashi na thina. Makamu Mkuu wa Chuo aliisoma barua yote, akavua miwani, akauliza swali ambalo hatukuwa tumeliandalia jibu.

“Vijana, nyinyi mnamaliza mwakani mwezi wa tano. Picha zikichuja, nani atazigusa?”

Mwenzetu aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya wanachuo alijibu kwamba kila mwaka kutakuwa na darasa la sanaa. Makamu alisema darasa hutegemea mkufunzi, na mkufunzi huhamishwa. Hakuna aliyembishia, maana sote tulikuwa tumeshuhudia wakufunzi wakihamishwa katikati ya muhula.

Mkuu wa Chuo alilipenda wazo letu, na hapo ndipo ugumu ulipozidi. Alitaka bwalo lichorwe sura za marais wote wanne, kuanzia Mwalimu Nyerere mpaka Rais Kikwete aliyekuwa madarakani wakati huo, na kaulimbiu ya maadhimisho iandikwe chini yao kwa herufi kubwa. Tulitazamana. Mchoraji mwanafunzi akiikosea pua ya mwanafunzi mwenzake huchekwa; akiikosea pua ya Rais kwenye jengo la serikali, katika mwaka wa maadhimisho, sina hakika angechekwa. Mkufunzi wetu alituokoa kwa kisa cha Mexico, ambako baada ya mapinduzi serikali iliwaajiri wachoraji kupamba majengo ya umma, na mwaka 1924 wanafunzi wa shule ya maandalizi ya taifa wakaziharibu baadhi ya picha za José Clemente Orozco zilizokuwa kwenye kuta za shule yao. Picha wanayoichukia walaji, alisema, haitadumu bwaloni hata ikiwa nzuri namna gani. Afadhali wanachuo waulizwe kwanza. Nadhani kilichomshawishi Mkuu hakikuwa hoja ya demokrasia, bali picha ya marais wakirushiwa maharage.

Iliamuliwa kwamba baraza la wanachuo lichague kitakachochorwa bwaloni, kaulimbiu iandikwe ukutani karibu na lango, mkufunzi wa Jiografia apewe ukuta wa baraza la maktaba kwa ajili ya ramani ya Tanzania, na kabla ya brashi yoyote kuguswa tumwone mzee wa matengenezo.

Mzee huyo alikuwa fundi wa chuo tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Alituita “walimu” ingawa hakuna aliyekuwa amehitimu, na hakuonyesha hamu ya kuangalia michoro yetu. Alitutembeza. Kwenye kila ukuta tuliouorodhesha aliweka kiganja, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Tulipofika ukuta wa nje wa mabweni, ambao ndio tuliouona bora kuliko yote kwa kuwa unaonekana tangu langoni, alikwangua kwa ncha ya mwiko unga mweupe uliotokeza juu ya plasta, akauweka ulimini, akamnyoshea mwiko mwenzangu naye aonje.

“Chumvi,” alisema. “Plasta hii ilipigwa kwa mchanga wa ufukweni. Mtachora simba, mvua ikianza simba atavimba.”

Alieleza kwamba chumvi iliyomo kwenye mchanga huvuta unyevu, unyevu hutoka nje ukiwa umeibeba, nayo ikifika usoni mwa ukuta hukauka na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Wenzetu wa Tunduru walikuwa wamependekeza rangi ya mafuta inayong’aa, kama ile ya kupakia baiskeli waliyoitumia wachoraji wa Tingatinga. Mzee akasema rangi hiyo inafaa ubao, ila kwenye ukuta unaopanda maji kutoka chini itaufungia unyevu ndani, kisha itamenyuka vipande vipande. Alitaka rangi ya maji, juu ya ukuta uliosuguliwa kwa msasa na kukaushwa, na kazi yote ya nje iishe kabla ya mvua za Desemba. Katika orodha yetu alikata nusu. Tuliondoka tumenuna, lakini orodha iliyobaki ndiyo iliyochorwa, na kwa maoni yangu mradi ule ulianza siku ile, si siku ya barua.

Miongoni mwa kuta zilizobaki mmoja ulitazamana na chumba walichoswalia wanachuo Waislamu. Viongozi wao walitujia kwa upole, wakaomba pasichorwe mtu wala mnyama mahali ambapo macho ya mwenye kuswali yangeangukia. Baadhi yetu walianza kunung’unika kwamba sasa kila kundi litakuja na sharti lake. Dada mmoja wa darasa letu, mwenyeji wa Mikindani, aliwauliza wanaonung’unika kama wamewahi kuitazama milango ya zamani ya mji wake, iliyonakshiwa tangu juu mpaka chini bila kiumbe hata mmoja. Alirudi Jumatatu na daftari lililojaa maua, minyororo na mawimbi aliyoyanakili kutoka kwenye milango hiyo, akaongeza mistari ya ukili wa mikeka aliyofundishwa na bibi yake. Ukuta huo ulikuwa mdogo kuliko mingine, ukapakwa rangi tatu tu, na bado nauona kuwa ndio uliokuwa na mkono wa msanii. Ile mingine ilikuwa na mikono ya wanafunzi.

Baraza la wanachuo lilichagua uvunaji wa korosho kwa ajili ya bwalo, baada ya mabishano yaliyogusa mpira wa miguu, wanyama wa mbugani na picha ya mwalimu akifundisha chini ya mwembe. Tulichora kwanza kwenye karatasi yenye urefu wa sentimeta 24 na kimo cha sentimeta 12, tukaigawa kwa miraba ya sentimeta 2, kisha tukapiga ukutani miraba ya nusu mita kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa: wawili wanaukaza uzi, wa tatu anauvuta na kuuachia, nao unaacha mstari ulionyooka kuliko rula yoyote. Mraba mmoja wa karatasi ulihamia kwenye mraba mmoja wa ukuta, na kwa njia hiyo hata asiyejua kuchora aliweza kusaidia. Mirunda na mbao za jukwaa alitupa mzee fundi, kwa sharti kwamba atazifunga mwenyewe.

Tuliokuwa tukichora asubuhi tulikuwa na wahakiki wa kudumu, yaani wapishi, waliopita na masufuria na kusimama kila walipotaka. Kijana mmoja kutoka Kagera, hodari kwa mkono kuliko sote, alikuwa amejaza mti mzima wa mkorosho kwa mabibo (matunda yake) mekundu na ya manjano, kila korosho ikiwa imekaa juu ya bibo lake kama kofia. Mama mpishi mkuu aliutazama mti huo kwa muda, akaweka sufuria chini.

“Mwanangu, korosho huning’inia chini ya bibo. Hiyo uliyoichora ni ya wapi?”

Mti wote ulipakwa upya. Wapishi walirekebisha pia jinsi mwanamke anavyoinama kuokota mabibo yaliyoanguka, wakataka aongezwe mzee mwenye pampu ya salfa, kwa kuwa bila salfa ugonjwa wa ubwiri unga hula maua na hakuna mavuno ya kuchora. Salfa hunyunyiziwa miezi kadhaa kabla ya mavuno, na mkufunzi wa Kilimo alipinga kuona majira mawili ndani ya picha moja. Tuliwapendelea wapishi, waliotupakulia uji, na mzee wa salfa akapata nafasi yake pembeni kushoto.

Herufi za kaulimbiu pale langoni aliziandika mzee fundi peke yake, kwa mkono uliozoea kuandika “Usipite Hapa” na “Ofisi ya Mhasibu”, nazo zilitoka sawasawa kuliko chochote tulichokifanya sisi. Wageni wa Desemba walipiga picha mbele yake. Bwaloni waliingia wachache, wakala, wakasifu korosho.

Ramani ya maktaba ilikamilika mwishoni, maana mkufunzi wa Jiografia alitaka kila mkoa uwe na rangi inayoutofautisha na jirani zake, na mipaka ipimwe, isikadiriwe. Ilikuwa na mikoa 26, yaani 21 ya Bara na mitano ya Zanzibar. Makamu Mkuu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisimama mbele yake siku aliyoipokea na kuitafuta wilaya yake kwa kidole.

Machi 2012 serikali ikatangaza rasmi mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mkufunzi wa Jiografia alitufuata bwenini jioni ile ile akiwa na karatasi ya mipaka. Kwa kuwa ramani ilikuwa chini ya paa la baraza, mvua za masika hazikutuzuia, na tulianza na Katavi, iliyomegwa kutoka Rukwa, kisha Njombe, iliyotoka Iringa, kisha Geita, iliyokuwa ngumu zaidi kwa sababu ilichukua sehemu za zaidi ya mkoa mmoja. Makopo yaliyobaki yalitosha rangi tatu. Simiyu tukaichorea mpaka na kuandika jina lake, lakini sehemu yake kubwa ikabaki na zambarau ya Shinyanga ilikotoka, jambo lililomkera mkufunzi kila alipopita hapo na kundi la wanafunzi. Mhasibu alisema mwaka wa maadhimisho umekwisha na fungu la rangi limekwisha nao. Mitihani ikafika, tukafanya, tukatawanyika.

Kijani cha Simiyu kilinunuliwa kwa michango ya wanachuo waliokuwa mwaka wa kwanza wakati sisi tunaondoka. Nilipata habari hiyo kwa ujumbe wa simu nikiwa nimekwisha kupangiwa kituo cha kazi Singida, na chini ya ujumbe huo waliuliza miraba tuliipiga kwa kipimo gani, kwa sababu mzee fundi alikuwa amewapa ukuta mwingine.